Kangaja wa Pili: Ugomvi wa Samaki Ndani ya Tangi la Maji ya Chumvi

Kangaja akiwa peke yake katika tangi la lita mia mbili hana neno na mtu. Anazunguka, anachuna mwani kwenye mawe, anasogea kwenye kioo cha mbele akiona mkono ulioshika kopo la chakula. Mtie kangaja wa pili wa ukubwa uleule na utaona mambo mengine. Mwenyeji anasimamisha mapezi, anamsogelea mgeni ubavu kwa ubavu, rangi inamkolea, kisha anageuza mkia na kupiga. Kwenye shina la mkia, kila upande, ana mwiba wenye makali unaoweza kuchana mkono wa mvuvi aliyezoea kazi. Mgeni anakimbia kona moja, anakimbia ya pili, anaishia kujibana nyuma ya pampu. Kesho yake hali chakula. Siku chache baadaye ana madoa meupe mwili mzima, na wiki haimwishii.

Ukirudi kwa muuzaji utaambiwa, “Kaka, yule ni mkali, ungechukua mpole.” Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua samaki. Kangaja yuleyule alikuwa mpole juzi, akawa mkali jana, na angekuwa mpole tena kama angetiwa katika tangi lililokwisha kukaliwa na mbabe kumliko. Samaki hakubadilika. Kilichobadilika ni kitu anachokilinda na uwezo wake wa kukilinda. Hoja ya makala haya ni hiyo, na mengine yote yanatokana nayo.

Hoja hii ninaiweka Tandale, Dar es Salaam, kwa makusudi. Mwenye nyumba Masaki au Mbezi Beach anaweza kuumaliza ugomvi kwa pesa: tangi la lita elfu moja, jenereta, fundi wa kuja kila mwezi. Huku Tandale, kwa Mtogole au Pakacha, mtu ana chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda, kabati, televisheni na kona moja iliyobaki. Tangi litakaloingia kwenye kona ile lina urefu wa mita moja, na upana na kimo visivyofika nusu mita, limeunganishwa na fundi vioo kwa silikoni. Likijaa maji na mawe linavuka kilo mia mbili na hamsini, kwa hiyo hata meza yake ni ya kuchomelea vyuma. Mtu huyu hawezi kununua nafasi. Lililobaki kwake ni kuijua sababu.

Aliyelifanya swali hili kuwa maarufu ni Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Miaka kumi kabla, mwaka 1963, alichapisha kitabu kuhusu ukali wa wanyama, na akakifungua na samaki wa matumbawe. Aliwatazama baharini Florida, akawafuga kwenye matangi, akaona jambo ambalo mfugaji yeyote analijua: samaki mwenye rangi za kuwaka humwandama zaidi wa aina yake na kuwaacha wengine wapite. Kwa Lorenz rangi zile ni tangazo kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Lakini alikwenda mbali zaidi. Aliamini ukali hujaa ndani ya mnyama wenyewe, uchokozwe usichokozwe, hadi utafute pa kutokea, na kwamba dume la sikilidi, samaki wa maji baridi, lisilo na jirani wa kugombana naye linaweza kumgeukia jike wake. Wafugaji wana desturi inayoenda na wazo hilo: kumtia samaki wa tatu ili abebe kipigo, wawili wa thamani wapone. Wanasayansi waliokuja baadaye waliiacha nadharia ya ukali unaojaa, ila desturi imebaki. Mimi naiona ya kikatili, na kwenye maji ya chumvi ni ya hatari pia, maana mnyonge yule akifia nyuma ya jiwe, amonia inayotoka kwenye mzoga wake haichagui wa kumwua.

Maelezo yenye msaada zaidi kwa mtu wa chumba kimoja yalitolewa mwaka 1964 na Jerram Brown, Mmarekani aliyekuwa akichunguza ndege. Ni maelezo ya kihasibu: mnyama hulinda kitu pale tu faida ya kukilinda inapozidi gharama. Chukua bomba la maji la mtaani. Bomba likiwa moja na wenye ndoo ni wanne, mmoja atajifanya mwenye bomba na maneno yataanza. Yakiwa mabomba sita hakuna wa kugombana. Na bomba likiwa moja lakini foleni ina watu mia, hakuna awezaye kulimiliki, kwa kuwa akimsukuma mmoja anapitwa na kumi. Ugomvi mkubwa uko katikati, pale ambapo kitu ni kichache, kimekaa sehemu moja, na washindani wanahesabika. Majaribio ya sikilidi yaliyochapishwa mwaka 2005 yaliona mwendo huohuo: ukali ulipanda washindani walipoongezeka, ukafika kilele, kisha ukashuka. Sasa tazama tangi la kawaida la nyumbani. Pango zuri ni moja, chakula kinatupwa upande mmoja, samaki ni watano. Ni uwanja wa vita tuliojenga wenyewe, halafu tunamlaumu kangaja.

Yeye ana sababu yake, na ilichunguzwa kwenye bahari yetu hii. Mwaka 1979 Robertson na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Aldabra, Shelisheli, juu ya aina tatu za samaki wa jamii ya kangaja. Mmoja wao ni yule wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, anayepatikana pia kwenye miamba ya Dar es Salaam na Zanzibar na anayependwa mno na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Samaki hawa hulinda malisho. Wanakula mwani mfupi unaoota juu ya mawe, chakula kisichokimbia, kinachoota tena palepale, na chakula cha namna hiyo kinalindika. Linganisha na wale samaki wadogo wa kijani wanaoelea kwa makundi juu ya matumbawe wakidaka vijidudu vinavyoletwa na mkondo. Mkondo hauna mwenyewe, na wao kwa wao hawagombani sana kwa chakula, ingawa usiku unapoingia pa kulala ni suala jingine. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu samaki yeyote si kama ni mpole. Ni kwamba anakula nini, na je, chakula hicho kinakaa mahali?

Tiba ya hapo haina gharama. Mwani wa kangaja ufungwe sehemu tatu, na sehemu zenyewe zihamishwe kila siku, mara nyuma ya jiwe, mara kwenye kioo cha kushoto, ili asiwe na shamba la kulinda. Vipande vya kamba na dagaa vitupwe pande mbili kwa wakati mmoja. Mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, umelimwa tangu 1989 kwa ajili ya viwanda vya nje, lakini kangaja hana makuu. Ule mlaini wa kijani unaoota kwenye mawe ya ufukweni unamtosha, ukioshwa vizuri.

Kitu cha pili kinacholindwa ni maficho, na hapa maneno “tangi kubwa” yamewapotosha wengi. Ronald Oldfield wa Marekani alichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya sikilidi mmoja mgomvi wa Amerika ya Kati. Kuongeza nafasi kidogo hakukusaidia. Ukali ulipungua pale tangi lilipokuwa kubwa kweli, karibu lita 380, na lenye vikwazo vingi ndani. Mtu wa Tandale hafiki huko kwa lita, ila vikwazo anavimudu. Samaki hamfukuzi asiyemwona. Mawe yapangwe kuwa kuta zinazokata macho kutoka upande mmoja hadi mwingine, si rundo moja katikati ambalo anayelishika ameshika tangi zima. Kila pango liwe na milango miwili, kwa sababu pango la mlango mmoja ni mtego wa anayekimbia. Vipande vya bomba la PVC kutoka duka la vifaa vya ujenzi vinafanya kazi hiyo bila kasoro, hata kama havipendezi mpaka vishikwe na mwani. Na mawe yasivunjwe baharini. Kunduchi na Wazo zina mawe ya chokaa ya matumbawe ya kale yaliyokauka zamani mno. Hayo yakisuguliwa na kulowekwa wiki kadhaa ni mwamba tosha.

Nemo anahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa tangu filamu ya 2003 iliyompa jina hilo ndiye anayeulizwa kuliko wote, na kwa kuwa ugomvi wake ni wa aina nyingine kabisa. Pwani yetu tuna wa kwetu. Amphiprion allardi anaishi kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na yupo pia akallopisos, mwenye rangi ya machungwa iliyofifia na mstari mmoja mweupe mgongoni. Hawa hawapiganii mwani. Wanapigania cheo. Hakuna anayeanza maisha akiwa jike. Katika anemoni moja, mnyama wa mwambani wanamoishi, aliye mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ni dume lake, na waliobaki ni wadogo wasiozaa. Jike akifa, dume hugeuka jike na mdogo wa kwanza hupanda kuwa dume. Hans na Simone Fricke waliieleza habari hiyo mwaka 1977, wakaonyesha kwamba kinachowazuia walio chini wasipande ni ubabe wa walio juu. Mwaka 2003 Peter Buston, aliyewachunguza jamaa zao Papua New Guinea, akaongeza jambo la kushangaza zaidi: mdogo hujizuia kukua ili asimfikie aliye juu yake, kwa sababu akimkaribia kwa umbo anageuka mshindani, na mshindani hufukuzwa. Baharini kufukuzwa ni kifo, kwani nje ya anemoni kuna chewa na mkunga.

Kwenye tangi hakuna hata pa kufukuziwa. Ndiyo maana mtu anayenunua Nemo watatu wanaolingana, kwa kuwa watatu wanapendeza kuliko wawili, mara nyingi hubaki na wawili. Njia ni kuchukua wawili wadogo walio wazi kutofautiana ukubwa, ili swali la nani jike liwe limejibiwa kabla hawajafika nyumbani. Mdogo atatetemeka mwili mbele ya mkubwa, akilala ubavu kidogo. Wengi wakiona hivyo hudhani ni ugonjwa. Ni heshima anatoa, na nyumba yenye heshima ya namna hiyo inaweza kukaa kwa amani miaka.

Wafugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika wana ujanja wao, na ni mfano mzuri wa ile foleni ya watu mia. Tropheus wa Kigoma ni wagomvi wa kutisha wakiwa sita, ila wakiwa ishirini na zaidi katika tangi moja kipigo kinagawanyika na hakuna mmoja anayeandamwa hadi afe. Ujanja huo usihamishiwe kwenye chumvi. Maji ya bahari hushika oksijeni pungufu kuliko maji baridi, na samaki wa matumbawe hawavumilii amonia kama sikilidi. Ukiwajaza ili wasipigane, utawaua wote kwa kukosa hewa na kwa amonia yao wenyewe.

Kisha kuna joto, ambalo Dar es Salaam halisemwi vya kutosha. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi Kisiwa cha Lizard, Australia, walionyesha kwamba ongezeko la joto lisilofika nyuzi tatu lilitosha kuwafanya baadhi ya samaki wadogo wa jamii ya damseli kuwa jasiri na wakali mara kadhaa zaidi ya walivyokuwa. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari, saa nane mchana mwezi Februari, kinapandisha maji kiasi hicho bila shida. Kwa hiyo mfugaji anayeona samaki wake wanapatana asubuhi na kuraruana alasiri haoni maajabu. Feni ndogo ikipuliza uso wa maji inashusha nyuzi mbili hivi, mradi maji yanayopotea kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi yaliyotulia, si ya bahari, vinginevyo chumvi inapanda kila siku.

Siku ya kumtia mgeni ndiyo siku ya hatari kuliko zote, na karibu kila kitu kinachosaidia kinahusu kumnyima mwenyeji faida ya kutangulia. Mpole aingie kwanza, mbabe awe wa mwisho. Kama mbabe ameshatangulia, mawe yapanguliwe na kupangwa upya dakika chache kabla ya mgeni kuingia, taa zizimwe, na wote waamke kwenye nyumba wasiyoijua. La muhimu kuliko yote ni kumweka mgeni ndani ya kopo kubwa la plastiki angavu lenye matundu, likining'inizwa tangini kwa siku kadhaa. Watu huliona kama kizuizi tu. Lakini mwaka 2007 maabara ya Russell Fernald huko Stanford ilionyesha kwamba Astatotilapia burtoni, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, akitazama wengine wakipigana anaweza kukisia nani mbabe kati ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakikutana. Samaki hujifunza cheo kwa macho. Sioni sababu kangaja asifaidike na siku nne za kutazama kabla ya kipigo cha kwanza.

Wengine hubandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi ili mwenyeji agombane na kivuli chake na kumsahau mgeni. Kinafanya kazi kwa muda. Lakini Fernald huyohuyo na mwenzake Desjardins waliona mwaka 2010 kwamba burtoni anayepigana na sura yake kiooni huonyesha ubongoni dalili zinazohusiana na hofu, tofauti na anayepigana na adui wa kweli, labda kwa kuwa adui wa kiooni hajibu kama inavyotakiwa na hashindwi kamwe. Saa chache kwa siku mbili tatu zinatosha, kisha kitolewe.

Kuna samaki ambao hakuna ujanja hapa unaowafaa. Kikande ni wa kwanza. Meno yake yameumbwa kuvunja urchini wa baharini, na Tim McClanahan, aliyechunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba kikande mwenye mistari ya rangi ya machungwa ni mlinzi mkubwa wa matumbawe, kwa sababu akivuliwa akaisha, urchini huongezeka na kuutafuna mwamba. Baharini ukali wake ni kazi yenye manufaa. Nyumbani atakata waya wa pampu na mapezi ya kila jirani. Vivyo hivyo yule damseli mweusi mwenye madoa matatu meupe, mtoto mzuri wa sentimita mbili anayefikia kumi na nne na kuwa dhalimu wa tangi. Bei yake nafuu ni mtego.

Hapo inabaki hesabu ya Tandale yenyewe. Lita mia mbili ni madumu kumi ya maji ya bahari, yachotwe Kunduchi au Kigamboni maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa Msimbazi na si baada ya mvua. Kila wiki dumu moja hadi mawili ya kubadilisha. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe tayari, maana samaki waliofukuzana saa nzima wanatumia oksijeni kwa kasi na ndio wanaokufa kwanza. Wavu uwe juu ya tangi, kwa sababu anayefukuzwa huruka. Na samaki wa kutoka kwenye dema la mvuvi huja na mikwaruzo, hivyo asitiwe na wenyeji kabla hajapona pembeni kwenye beseni lenye hewa. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, si mahali pa kwenda na wavu.

Hukumu yangu ni kwamba tangi la mita moja ndani ya chumba kimoja linabeba Nemo wawili na labda samaki mmoja mdogo wa chini asiyefanana nao kwa rangi wala kwa chakula. Halibebi kangaja, hata mmoja, kwa kuwa samaki anayefikia sentimita ishirini na kuogelea mchana kutwa akilinda malisho hana cha kulinda ndani ya lita mia mbili isipokuwa lita zote mia mbili. Na kwa anayependa hasa kutazama siasa za samaki kuliko rangi zao, kuna njia rahisi kuliko bahari: Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, wenye sentimita nne au tano tu, wanaoishi ukoo mzima katika makombe ya konokono. Kila mmoja ana kombe lake na mpaka wake, wanabishana siku nzima bila kuuana, na lita sitini zinawatosha.

Kwa vyovyote utakavyoamua, kabla hujatoa pesa muulize muuzaji maswali mawili na usikubali jibu la “huyu mpole”: anakula nini, na akikomaa anafikia urefu gani? Akishindwa kujibu, mwache samaki wake dukani.